Siku nzima juu ya pikipiki ndani ya Zambia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu anayetoka Tanzania au Kenya na pikipiki yake mwenyewe, anavuka mpaka wa Tunduma, na anataka kujua siku ya kwanza upande wa pili itakuwaje. Barabara inayozungumziwa ni T2, ile iliyojulikana tangu enzi za wakoloni kama Great North Road, kuanzia Nakonde, mji wa mpakani upande wa Zambia, hadi Mpika, na mbele kidogo kwa wenye haraka. Bei na ada sikuziandika. Zinabadilika, na anayekutajia bei ya mwaka juzi anakupotezea muda dirishani.

Kwa siku moja nifike wapi?

Mpika. Ukiwa na pikipiki kubwa na umeshazoea kukaa kwenye siti kutwa nzima, Serenje. Lusaka, hapana.

Tupige hesabu. Nakonde hadi Mpika ni takriban kilomita 380. Mpika hadi Serenje ni kama 240 nyingine, na kutoka mpakani hadi Lusaka zinapita 1,000. Pikipiki ya CC 150 yenye mzigo hutembea vizuri ikiwa kwenye 70 hivi kwa saa, lakini ukijumlisha matuta, mafuta, chai, vizuizi vya polisi na kujinyoosha mgongo, wastani wa siku nzima unashuka hadi 50. Kwa wastani huo Mpika ni saa saba na nusu au nane. Serenje ni zaidi ya saa kumi na mbili, na mwezi wa Juni mwanga wote wa mchana huku ni kama saa kumi na moja na nusu tu. Maana yake ukilazimisha Serenje kwa CC 150 utamalizia gizani, kwenye kipande chenye mashimo, katikati ya malori. Mwenye injini ya CC 400 kwenda juu anaweza kushika wastani wa 65, na kwake Serenje inaingia ndani ya mchana, ila hapati nafasi ya kusimama popote.

Wengi wanapanga safari kwa kilomita kwa sababu ndizo zinazoonekana kwenye ramani ya simu. Mimi ningeipanga kwa mwanga. Jiulize jua linazama saa ngapi, toa saa mbili za dharura, halafu ndiyo utafute mji unaoangukia hapo.

Nasikia ukivuka Nakonde unapata saa moja ya bure. Kweli?

Saa ya ukutani inarudi nyuma, hilo ni kweli. Tunduma ikiwa saa moja asubuhi, Nakonde ni saa kumi na mbili. Lakini jua halijui habari za mpaka. Mtu aliyezoea kwamba giza Mbeya linaingia saa moja kasoro jioni anafika Mpika, anaona saa yake inasema kumi na moja na dakika arobaini, anadhani bado ana muda, kumbe jua ndiyo hilo linazama. Hiyo ni Juni na Julai. Desemba linazama kwenye saa kumi na mbili na robo, ila Desemba ni masika huku, na mawingu yanaleta giza mapema.

Faida iko asubuhi. Kunapambazuka mapema kwa saa za Zambia, na ukiwa umeamka kwa mazoea ya Tanzania utajikuta umeshafunga mzigo kabla mwenye lodge hajaamka kukufungulia geti. Mlipe usiku.

Nivuke mpaka asubuhi ileile ya safari?

Usifanye hivyo kama una namna nyingine. Tunduma na Nakonde wana kituo cha pamoja, yaani idara za nchi zote mbili ziko chini ya paa moja, na mtembea kwa miguu mwenye pasipoti anapita haraka. Wewe una chombo. Chombo kina forodha, bima na ada za barabara, kila kimoja na dirisha lake, na mbele yako kuna mawakala wenye mafaili ya malori ishirini. Siku nzuri utatoka baada ya saa moja na nusu. Siku mfumo wa kompyuta umelala, utakaa hadi mchana.

Ukitoka Nakonde saa nne asubuhi ya Zambia, hesabu ile ya juu inakufikisha Mpika jua likiwa linazama. Kwa hiyo vuka jana yake alasiri, lala Nakonde, uanze alfajiri. Nakonde si mji wa kupendeza sana, tuseme ukweli: vumbi, malori, muziki hadi usiku. Lakini kitanda kipo, na asubuhi uko ndani ya nchi tayari, karatasi zote mfukoni.

Nibebe karatasi gani?

Pasipoti kwanza. Watanzania na Wakenya hawahitaji viza kwa matembezi mafupi. Unagongewa muhuri na kuandikiwa idadi ya siku. Isome hapohapo kabla ya kuondoka dirishani, maana siku zilizoandikwa ndizo siku zako, hata kama ulimwambia ofisa mwezi mzima.

Kadi ya pikipiki, halisi. Jina lililo kwenye kadi liwe lako. Kama pikipiki ni ya ndugu, ya kampuni, au bado ina deni la mkopo, beba barua ya mwenye mali yenye muhuri wa wakili, ikisema wazi kwamba anakuruhusu kuitoa nje ya nchi na ni hadi tarehe gani. Barua iwe ya Kiingereza. Hapa ndipo safari nyingi hufia, kwa sababu mtu alinunua pikipiki mkononi kwa mtu na hajawahi kubadilisha jina.

Leseni yenye daraja A. Leseni ya gari peke yake haikutoshi, hata kama nyumbani umezoea kupita nayo.

Kisha kadi mbili za njano, na watu huzichanganya. Moja ni ya bima, inayotolewa chini ya mpango wa COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika; unaipata kwa kampuni yako ya bima kabla ya kuondoka, na inamlinda mtu wa tatu utakayemgonga, haikulindi wewe wala pikipiki yako. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini kwenye mpango huu wa bima imo, hivyo usikubali kuambiwa kwamba haiwezekani. Angalia kwamba Zambia imeorodheshwa kwenye kadi yako na haijapigwa mstari. Nyingine ni ya chanjo ya homa ya manjano. Wanaweza wasikuulize wakati wa kuingia wakakuulize Watanzania wenyewe ukirudi.

Forodha ya Zambia itakupa kibali cha kuingiza chombo kwa muda. Karatasi hiyo ina namba ya fremu na namba ya injini. Ilinganishe na pikipiki yako herufi kwa herufi, palepale. Tarakimu moja ikikosewa, tatizo halitatokea leo. Litatokea siku ya kutoka, pale utakapotakiwa kuthibitisha kwamba pikipiki unayotoa ndiyo uliyoingiza. Kuna pia malipo ya barabara kwa vyombo vya kigeni na kodi ya moshi. Uliza kipi kinahusu pikipiki, lipa kinachohusu, dai risiti, ziweke zote kwenye mfuko mmoja wa nailoni. Utazionyesha njiani.

Vijana wanaonikimbilia Tunduma kunisaidia, niwakubali?

Kwa pikipiki moja humhitaji wakala. Madirisha yameandikwa, na maofisa wa Zambia ni wastaarabu kwa mtu anayesalimia kabla ya kuuliza. Ukiona umezidiwa, chagua mmoja, mkubaliane malipo mbele, na pasipoti isitoke mkononi mwako. Wabadilisha fedha vilevile: badilisha kidogo tu ya kukufikisha Isoka au Mpika, hesabu mwenyewe, usiruhusu noti zihesabiwe mara ya pili na mkono wa mwingine. Na ujue kwacha zilizotolewa kabla ya mwaka 2013 ni karatasi tu siku hizi. Nchi ilifuta sifuri tatu tarehe 1 Januari mwaka huo, na noti za zamani zenye sifuri nyingi bado huwa zinatafuta mgeni wa kuzipokea.

Boxer yangu itaweza?

Itaweza. Boxer, TVS, hata CC 125 yenye afya itafika Mpika, kwa sababu barabara ni ya lami na milima si ya kutisha. Uwanda huu uko juu, Mpika wenyewe ni kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, ila unapanda polepole bila kujua. Kinachoiua pikipiki ndogo ni kubanwa kwenye 90 kwa saa nne mfululizo. Injini ya namna ile inapozwa na upepo tu. Iache itembee 70, kila baada ya saa moja na nusu isimamishe dakika kumi chini ya mti. Wewe pia unahitaji kupoa.

Kabla ya kuondoka badilisha oili, na kama cheni imeshavutwa mpaka alama za mwisho, badilisha cheni pamoja na meno yake yote mawili, yaani sproketi ya mbele na ya nyuma. Ukiweka cheni mpya juu ya meno yaliyochongoka, itakuwa imekwisha kabla hujarudi.

Kumpakia mtu nyuma je?

Kwa CC 150, mtu wa pili pamoja na mzigo wa wiki ni kuionea pikipiki. Kwa pikipiki kubwa sawa, mradi naye ana helmeti yake na si ile ya kuazima yenye kamba iliyokatika. Na punguza malengo ya siku. Anayekaa nyuma huchoka kabla ya dereva.

Mafuta yanapatikana?

Nakonde, Isoka, njiapanda ya Chinsali, Mpika. Tangi la Boxer 150 ni lita 11 hivi, na kwa mwendo wa kawaida wenye mzigo lita moja inakupa kama kilomita 40, kwa hiyo kwa karatasi unaweza kutoka Nakonde hadi Mpika bila kusimama. Usijaribu. Kituo kuwa kwenye ramani hakumaanishi kina petroli leo. Jaza Nakonde, jaza tena Chinsali hata kama tangi liko nusu.

Baada ya Mpika kuelekea Serenje hali ni nyingine. Zile kilomita 240 zina vijiji na pori, na petroli utakayoikuta njiani huenda ikawa ya kwenye chupa. Hapo galoni la lita tano ni la lazima.

Barabara yenyewe ikoje?

Nakonde hadi Isoka, kilomita kama 110, ndiko kuna watu wengi: baiskeli zilizobeba magunia ya mkaa, watoto wa shule, mbuzi, masoko ya kando ya barabara. Kipande hiki na kile kinachofuata hadi Chinsali vilikuwa aibu ya T2 kwa miaka mingi, kisha vikajengwa upya, na sasa ndivyo vinavyokudanganya. Lami safi inakuita uongeze mwendo, halafu ghafla kuna tuta kijijini ambalo rangi yake imeshafutika kwa matairi. Kaa 60 kila unapoona nyumba tatu zimekaribiana.

Baada ya Isoka watu wanapungua. Miombo inakuzunguka pande zote, na kwa nusu saa nzima unaweza usione kijiji, unaona njia ndogo tu zinazoingia msituni. Septemba na Oktoba miti ile inachipua majani mekundu kabla ya mvua, jambo zuri sana kulitazama, ila ndiyo miezi ya moto wa nyika pia. Moshi ukikatiza barabara usiingie kwa kasi. Subiri lori lipite kwanza uone kama kuna mtu ng'ambo.

Chinsali mji wenyewe uko pembeni ya barabara kuu, ndio makao ya mkoa wa Muchinga ulioundwa mwaka 2011. Kenneth Kaunda alizaliwa pale, kwenye misheni ya Lubwa, mwaka 1924. Kutoka njiapanda hiyo hadi Mpika ni kama kilomita 170, na ndizo ninazozipenda kuliko zote: mawe makubwa ya mviringo yanajitokeza juu ya miti, barabara inainuka na kuinama, upepo ni wa baridi hata saa saba mchana.

Mpika hadi Serenje kimekuwa kipande cha kulalamikiwa na kila dereva wa lori. Mashimo yanazibwa, mvua zinayafukua. Huwezi kujua hali ya mwezi huu kwa kusoma. Waulize madereva wanaotoka upande wa Lusaka, watakuambia bila kificho. Tatizo la mwenye pikipiki si shimo lenyewe, maana wewe unapita kando. Tatizo ni lori linalokuja mbele yako likilikwepa shimo lake kwa kuja kwenye upande wako.

Malori ni mengi kiasi gani, na naishi nayo vipi?

Ni mengi kwa sababu hii ndiyo njia ya shaba. Mzigo wa migodi ya Copperbelt na ya Kongo unashuka Dar es Salaam kwa njia hii, na mafuta, salfa, mashine na bidhaa za dukani zinapanda. Ni habari ya zamani: Rhodesia (Zimbabwe ya leo) ilipojitangazia uhuru wa upande mmoja Novemba 1965, Zambia iliyokuwa na mwaka mmoja tu wa uhuru ilinyimwa njia yake ya mafuta ya kusini, na malori ya Dar ndiyo yaliyoiokoa, wakati huo barabara ikiwa ya udongo na madereva wakiipa jina la jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA la mwaka 1968 na reli ya TAZARA iliyofuata vilizaliwa na shida ileile. Reli utaiaga Nakonde, maana inazungukia Kasama, mkutane tena Mpika.

Basi, namna ya kuishi nayo. Lori linalokuja mbele linasukuma ukuta wa hewa. Lala kidogo juu ya tangi, shika mikono kwa ulegevu, usikaze. Usikae nyuma ya lori karibu kiasi cha kutoona kilicho mbele ya matairi yake, kwa sababu yeye analipitisha shimo katikati ya magurudumu, wewe unaliangukia. Ukipita, pita mara moja na kwa nafasi. Dereva akiwasha indiketa ya kulia wakati hakuna njia ya kulia, mara nyingi anakuambia subiri. Ya kushoto, pita. Iamini nusu, nusu nyingine tazama mwenyewe.

Na ukiona matawi ya miti yametandazwa barabarani, punguza mwendo haraka. Ndiyo pembetatu ya huku. Mbele kuna lori limekufa kwenye kona.

Polisi wa Zambia wanasumbua?

Kuna vizuizi vingi: polisi wa kawaida, watu wa usalama barabarani wenye tochi za mwendo kasi, na mara nyingine uhamiaji. Kwa kawaida wanataka pasipoti, kile kibali cha forodha, bima na leseni, kisha wanataka kujua umetoka wapi na kama kweli umekuja na hiyo pikipiki kutoka huko. Zima injini, vua helmeti, salimia. Ukikamatwa na tochi, kosa ni lako. Faini ina risiti, na ukidai risiti kwa upole mazungumzo hubaki kuwa ya kiofisi. Taa ya mbele iwake mchana kutwa, na vaa rifleketa.

Kiswahili kinanifikisha wapi?

Nakonde nzima. Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka, biashara ni ya pamoja, na shilingi ya Tanzania inapokelewa madukani. Isoka bado utapata mtu. Baada ya hapo Kiswahili kinabaki kwa madereva wa malori, na hao wapo njia nzima, kwa hiyo ukikwama tafuta lori lenye namba za Tanzania au Kenya kabla ya kutafuta mtandao wa simu.

Lugha ya njia hii ni Kibemba, na kwa kuwa nacho ni cha Kibantu sikio linakizoea upesi. Asubuhi sema "mwashibukeni mukwai", mchana "mwapoleni mukwai", na ukishapewa kitu "natotela". Lile neno mukwai ndilo linalobeba heshima, usiliache, hasa kwa mtu mzima. Kiingereza kinafanya kazi ofisini na kwenye lodge. Ukifika Lusaka mambo ni Kinyanja.

Nitakula nini?

Ugali, ndugu yangu, wanauita nshima, mweupe na laini kuliko wetu. Unaletewa na kuku, maharage, kapenta ambazo ni dagaa walewale wa Ziwa Tanganyika, au majani yaliyopikwa kwa karanga yanayoitwa ifisashi. Hiyo ifisashi usiikose. Kwenye mvua, wanawake na watoto wanauza uyoga kando ya barabara, na kuna aina moja, uyoga wa kwenye vichuguu, ambayo kofia yake inaweza kufika upana wa mita nzima. Mtu anausimamisha juu kwa mikono miwili kama mwamvuli. Msimu wake ukifika kuna pia viwavi vilivyokaushwa, ifinkubala, vyenye ladha ya chumvi na moshi. Huwa vinanishinda baada ya kiganja kimoja, lakini jirani yako wa mezani atakushangaa ukibakiza.

Chikanda ni habari nyingine. Inakatwa vipande kama keki, rangi ya kahawia, na wageni hudhani ni nyama. Ni viazi vya okidi za porini vilivyopondwa na karanga na pilipili. Zambia inaila kiasi kwamba okidi zake zimepungua, na viazi hivyo sasa vinachimbwa hata kwenye nyanda za juu kusini mwa Tanzania, Makete na Rukwa, vikivushwa Tunduma kwa magunia. Okidi za hifadhi ya Kitulo zimeumia kwa biashara hiyo. Onja kama unataka, ila ujue huenda ile sahani imetoka nyumbani kabla yako.

Kuna baridi kweli? Si Zambia ni joto?

Juni na Julai alfajiri utatetemeka. Juu ya pikipiki ni zaidi, kwa sababu upepo unakuvua lile joto dogo ulilonalo. Glovu, koti lisilopitisha upepo, na gazeti au karatasi ya nailoni ndani ya koti kifuani kama huna la maana. Kufika saa tano utakuwa unavua. Miezi mizuri kuliko yote ni Mei hadi Agosti: hakuna mvua, mashimo yanaonekana, vumbi halijawa la kukera. Novemba hadi Aprili ni mvua, na shimo lililojaa maji halina kina unachoweza kukikisia.

Spea zipi nibebe?

Tyubu mbili, ya mbele na ya nyuma, viraka, gundi, pampu ya mkono na vyuma vya kufungulia tairi. Plagi moja. Kebo ya klachi na ya mafuta. Loki ya cheni. Balbu ya mbele, fyuzi, waya, nailoni za kufungia, gundi ya chuma. Spana zinazotosha nati zako mwenyewe, si seti kubwa inayokulemea. Lita moja ya oili.

Kwa pikipiki za Kihindi zilizozoeleka utapata spea mijini, kwa uchache kuliko nyumbani. Mafundi wapo Mpika, mji ule una karakana ya TAZARA na watu wanaojua chuma.

Nikiharibikiwa katikati ya pori?

Ondoa pikipiki barabarani kabisa. Kata matawi, yatandaze pande zote mbili kwa mbali. Kama si jambo la dakika thelathini na jua limeshapinda, usingoje kumaliza kutengeneza: simamisha lori tupu, pandisha pikipiki, fika mjini. Kubaliana bei kabla ya kupakia, na hakikisha imefungwa imesimama wima, si kulazwa, maana itamwaga mafuta na asidi ya betri. Wanakijiji watakuja kutazama; wasalimie wakubwa kwanza, na ikibidi kulala pale, omba kuonyeshwa kwa mkuu wao wa kijiji.

Kuna cha kutazama njiani, au ni miti tu?

Siku hiyo moja ni miti, na mimi sioni ubaya wake. Ukiwa na siku ya ziada, kati ya Chinsali na Mpika kuna njia ya vumbi kwenda Shiwa Ng'andu, jumba kubwa la mtindo wa Kiingereza alilojenga mlowezi Mwingereza Stewart Gore-Browne katikati ya msitu kuanzia miaka ya 1920, na karibu yake chemchemi za maji moto za Kapishya. Maji yake yanatibu mgongo wa mwendesha pikipiki kuliko kidonge.

Lakini kwa mtu wa pwani sehemu ya kufika ni Chitambo, kusini zaidi, ukiiacha T2 kabla ya Serenje kwa barabara ya kuelekea Samfya. Livingstone alifia hapo tarehe 1 Mei 1873. Moyo wake ulizikwa chini ya mti, na mwili ukakaushwa, ukafungwa, ukabebwa na watu wake wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma. Walitembea zaidi ya kilomita 1,500 wakipitia Tabora, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Mwili ukapelekwa London, ukazikwa Westminster Abbey Aprili mwaka huo. Mnara wa Chitambo una jina la aliyebebwa. Ukiwa umeketi juu ya pikipiki ukilalamikia siti, ni vizuri kukumbuka waliobeba.

Barabara hiyohiyo inapita Kasanka, ambako kuanzia Oktoba hadi Desemba mamilioni ya popo hukusanyika kwenye kipande kidogo cha msitu. Hiyo ni safari yake peke yake.

Wakati wa kurudi kuna la kuangalia?

Mpika. Ukitoka Lusaka utakuta barabara zinagawana, moja ya Kasama, nyingine ya Nakonde, na ya Kasama ni nzuri kiasi kwamba unaweza kwenda mbali bila kushtuka. Tazama kibao. Halafu mpakani usipite bila kufunga kile kibali cha forodha. Kikibaki wazi, kwenye kompyuta yao pikipiki yako bado iko Zambia, na safari ijayo watakudai ushuru wake. Na ile saa unairudisha: ukifika Nakonde saa kumi na moja jioni, Tunduma ni saa kumi na mbili tayari.

Nikichoka, naweza kuipakia pikipiki kwenye treni ya TAZARA?

Huduma ya abiria imekuwa ikisimama na kuanza tena, kwa hiyo usiiweke kwenye mpango. Ukiwa Mpika nenda stesheni uulize. Wakikuambia ipo, watakutaka utoe petroli yote kwenye tangi kabla ya kupakia, na uwe na la kufanya kwa siku moja au mbili wakati unaisubiri.